Mtoto Akinyamaza Darasani



Yule mwanafunzi aliyeacha kuzungumza darasani, mnamwitaje? Mvivu, ana kiburi, au ati ana jini. Akipelekwa kwa mwalimu wa ushauri nasaha, anamkuta ana vipindi vya hisabati tangu asubuhi. Atamsikiliza saa ngapi?

Hapa hapa Kenya, shirika la Shamiri huwafunza vijana waliomaliza sekondari, rika lenu nyinyi, wakae na wanafunzi kwa vikundi, saa moja kwa wiki, kwa wiki nne. Wanazungumzia shukrani na vile mtu anaweza kubadilika. Utafiti wao wa 2021 ulikuwa na wanafunzi 413: huzuni na wasiwasi vilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofunzwa mbinu za kusoma tu. Bila daktari, jamani!

Lakini anayesema anataka kufa, huyo asiachiwe kikundi. Piga 116, ni bure. Wala usimtishe na polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Mkutano wa wazazi ukiitishwa skulini kwenu, ulizeni: mshauri ni nani, na anapatikana lini?