Kulala kwa Kifaa: Viendeshi na Matumizi ya Umeme katika Mfumo Endeshi

Kiendeshi ni sehemu ya mfumo endeshi inayojua kuongea na kifaa kimoja: redio ya simu, kamera, skrini. Kwa kuwa ndicho kinachojua kama kifaa chake kina kazi au kimekaa bure, kazi ya kukilaza na kukiamsha ni yake.

Uzito wa kazi hiyo huonekana pale chaji inapokuwa ya kununua. Wilayani Korogwe umeme si mgeni. Kituo cha Hale, cha megawati 21, kilianza kuzalisha mwaka 1964 kwa maji ya Mto Pangani. Lakini kwenye vitongoji vya wilaya ya Handeni ambavyo nguzo hazijafika, simu hupelekwa kibandani penye sola na mwenyewe hulipia kila chaji. Chukua betri ya miliampea-saa 3,000. Simu iliyolala ikila miliampea 10, itakaa siku 12 na nusu. Kifaa kimoja kikibaki macho na kula miliampea 50 zaidi, chaji itakwisha kwa saa 50.

Linux, ambayo kerneli yake, yaani kiini cha mfumo endeshi, ndiyo iliyomo ndani ya Android, ilipata utaratibu wa kulaza kifaa kimoja kimoja mfumo ukiwa kazini katika toleo la 2.6.32, Desemba 2009, kwa kazi ya Rafael Wysocki. Kila kifaa kina kihesabio. Msimbo unaohitaji kifaa huongeza moja, ukimaliza hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, kifaa chaweza kulala. Kosa la kawaida hujificha pale shughuli inapokwama katikati: msimbo umeongeza moja, umeshindwa, umerudi bila kupunguza. Kifaa hakilali tena. Hakuna onyo linalotokea, na simu hupiga na kupokea kama kawaida, ila betri ndiyo inayosulubika.

Kulala kwenyewe kuna mpangilio. Kiendeshi humaliza maombi yaliyobaki, huhifadhi thamani za rejista, husimamisha saa ya kifaa, ndipo hukata umeme. Kuamka ni kinyume chake. Kifaa kilichounganishwa kupitia kingine hulala kwanza, mzazi wake baadaye. Na kwa kuwa kuamka nako kunakula umeme, kifaa hakilazwi papo hapo: kwa USB, Linux kwa kawaida husubiri sekunde 2.

Redio ya simu ndiyo ngumu kuliko vyote. Mawimbi yakiwa hafifu, hutuma kwa nguvu zaidi, na hakuna kiendeshi kitakachosogeza mnara. Android 6.0 ya mwaka 2015 ilipunguza adha kwa kukusanya kazi za programu na kuziamshia simu kwa mkupuo, lakini kihesabio kilichosahaulika kwenye kerneli hakiponi kwa dawa hiyo.

Fundi wa Korogwe au Handeni aliyeletewa simu isiyokaa na chaji aisome kwanza kwa amri ya dumpsys batterystats, inayoonyesha nani ameizuia kulala na kwa muda gani, kabla hajamuuzia mteja betri nyingine.