Chombo Huandaliwa Pwani



Injili ya Jumapili ya 12 ya mwaka B hutufikia mwezi Juni, wakati kusi linapovuma kwa nguvu katika pwani yetu ya Kilwa na Lindi. Mtakatifu Marko anatusimulia juu ya mitume waliopatwa na dhoruba usiku, Bwana akiwa amelala katika shetri. Sisi watu wa pwani twaielewa habari hiyo upesi. Mvuvi aendaye nje ya Songo Mnara, ambako hakuna tena kisiwa cha kumkinga na bahari kuu, ajua maana ya chombo kujaa maji. Na wazee wa Lindi walisimulia kimbunga cha Aprili 1952.

Twasikia mara nyingi watu wakisema: ajali haina kinga, chombo cha kuzama hakina usukani. Maneno hayo huwafariji wafiwa, nasi hatuwanyang'anyi faraja yao, wala hatusemi kwamba aliyezama alikosa imani. Lakini nahodha akiyatamka kabla ya kung'oa nanga, amemtwika Mungu kazi ambayo Mungu alimkabidhi yeye.

Tazameni jinsi mashua inavyoandaliwa. Maji yakipwa, huegemezwa mchangani. Fundi hupita katika kila ungio la mbao, huchokoa pamba iliyooza na kutia kalafati mpya. Chini hupakwa deheni, ili wadudu wasitoboe mbao. Kisha hukaguliwa tanga, henza, usukani, na chombo cha kufulia maji. Yote hayo hufanyika pwani. Hakuna atiaye kalafati katikati ya mawimbi. Vivyo hivyo sala, kitubio na kupatana na jirani: tusingoje dhoruba ndipo tuanze kutafuta ufa.

Baharia naye huandaliwa, na kazi hiyo ni ngumu zaidi. Yampasa ajifunze kupunguza tanga mapema, kumkatalia abiria wa ziada ingawa nauli iko mkononi, na kurudi bila samaki ingawa watoto wanangoja nyumbani. Baharini twaweza kuzamishwa na tamaa, hata na kuogopa kuchekwa, kabla ya kuzamishwa na upepo.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, Mtakatifu Paulo alionya kwamba safari ile ilikuwa ya hatari. Akida akamsadiki zaidi nahodha na mwenye chombo. Merikebu ikavunjika, watu wote 276 wakaokolewa kwa huruma ya Mungu. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, na safari za vyombo kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Je, kusimama kule kulikuwa upungufu wa imani? Sivyo, ndugu zangu. Onyo la kweli ni zawadi ya Mungu, hata likitujia kwa redio.

Bwana aliwauliza mitume juu ya hofu yao. Hakuwalaumu kwa kuhangaika na chombo. Basi tufanye yaliyo yetu tungali pwani, ili tukifika penye mawimbi tumwachie yaliyo yake kwa moyo mtulivu.

Ee Bwana, uwalinde wote walio baharini leo, uwapokee waliozama, na uwape manahodha wetu ujasiri wa kungoja. Amina.