Sashe Inayooza: Inaoza Wapi, na kwa Muda Gani?

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka)



Juzi nilitoka kambini nikashuka Bujumbura, nikapita soko la Ruvumera, pale Buyenzi. Nikamkuta mama mmoja, mkimbizi kama mimi, anauza ndagala kwa kipimo kidogo na kuzifunga ndani ya sashe nyembamba. Nikamuuliza: "Mama, hizo si zimekatazwa?" Akanionyesha maandishi: "Mwanangu, hii inaoza. Ukiitupa, inaisha yenyewe."

Mama ana haki nusu. Agizo la Rais la Agosti 2018 lilikataza kuingiza, kutengeneza, kuuza na kutumia sashe za plastiki Burundi. Watu walipewa miezi 18 ya kujiandaa, na katazo likaanza kazi Februari 2020. Lakini zile zinazooza ziliachiwa mlango.

Sasa sikiliza nusu ya pili. Kuna "zinazooza" za namna mbili. Ya kwanza ni plastiki ileile, imetiwa dawa ili jua na joto viivunje. Inavunjika kweli, ila inakuwa vipande vidogo ambavyo huwezi kuviokota, na samaki anaweza kuvimeza. Umoja wa Ulaya uliikataza mwaka 2021. Ya pili huchanganywa na wanga, kama wa mahindi. Hiyo vijidudu wanaweza kuila, ila nyingi zinataka lundo la mboji lenye unyevu, hewa na joto la karibu digrii 60. Je, mtaro wa mtaani kwako una hayo?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walifukia mifuko udongoni na kuizamisha baharini. Mwaka 2019 walitoa majibu: baada ya miaka 3, mfuko ulioandikwa kwamba unaoza bado ulibeba vitu vya dukani. Ule wa mboji uliisha baharini kwa miezi 3, lakini udongoni ulionekana bado baada ya miezi 27.

Mvua haingoji miezi 27. Maji yanatoka milimani, yanapita Ntahangwa na Muha kwenda Ziwa Tanganyika. Februari 2014 mafuriko yaliua watu zaidi ya 60 kaskazini mwa mji. Sisemi ni sashe zilizoyaleta. Mvua ilikuwa kubwa. Nasema mtaro ukiziba, maji yatatafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa mlango wako.

Simlaumu yule mama. Mfuko wa karatasi unakula faida yake, na ndagala mbichi zinaulowesha. Lakini kuna jambo aliniambia huku akicheka: "Anayekuja na bakuli lake, mimi namuongeza. Sashe naninunua mimi."

Basi, ndugu yangu, beba bakuli lenye kifuniko, au kikapu. Ukipewa sashe, hata iliyoandikwa kwamba inaoza, usiitupe mtaroni. Itumie tena mpaka ichoke, kisha uiweke penye taka. Na Jumamosi, kwenye kazi za pamoja, tazama kile jembe linachotoa mtaroni. Kisome maandishi yake.

Kutoka kambini, nakuaga. Amahoro.

(Muziki wa kufungia)