Sukari Ile Ile, Damu Mbili



Katika kumbi zetu za lishe kuna kauli inayorudiwa kama amri: kalori ni kalori. Ule ugali au unywe soda, mwili hujumlisha nishati tu. Nilialikwa nizungumzie lishe kwa upana wake. Niwieni radhi, jioni hii nitapambana na kauli hiyo moja.

Kemia ya sukari mnaijua. Sukari ya mezani ni nusu glukosi, nusu fruktosi. Fruktosi nyingi huishia kwenye ini, hukwepa kizuizi kinachodhibiti uchakataji wa glukosi, na ziada yake hugeuzwa mafuta.

Twendeni Minnesota, kwenye utafiti wa John Bantle na wenzake uliochapishwa mwaka 2000. Kila mwaka nawasomesha wanafunzi wangu utafiti huu, na kila mwaka nauhusudu upya. Watu wazima 24 wenye afya, wanaume 12 na wanawake 12. Kila mmoja alikula mlo wa aina moja kwa wiki sita, kisha wa aina ya pili kwa wiki sita. Nishati ilikuwa sawa. Tofauti ni kwamba katika mlo mmoja fruktosi ilitoa asilimia 17 ya nishati, na katika mwingine glukosi ilishika nafasi yake. Kwa hiyo kila mtu alilinganishwa na nafsi yake. Kalori zingekuwa ndizo kila kitu, damu isingebadilika. Kwa wanaume, trigliseridi (mafuta ya damuni) za kutwa nzima zilikuwa juu kwa asilimia 32 walipokula fruktosi. Kwa wanawake, hapakuonekana tofauti ya maana.

Sasa wachukueni wale 24, muwajumlishe, mtoe wastani. Mtapata namba isiyowaeleza wanaume wala wanawake kati yao. Hivyo ndivyo tunavyofanya kila siku, kisha tunaiita sayansi.

Nililelewa na babu na bibi, Muheza. Sukari ilitiwa sufuriani chai ikichemka, kwa hiyo wote wawili walikunywa utamu uleule. Babu aliota kitambi, miguu ikabaki myembamba. Bibi alinenepa nyonga, na tumbo likaja baadaye sana, hedhi ilipokwisha koma. Wazee wawili si ushahidi. Lakini swali langu, kwa nini utamu uleule ukae tofauti katika miili miwili, nililitoa pale jikoni, na vitabu nilivyofundishiwa havikulijibu.

Wapinzani wangu wana hoja, nami naipima. Asilimia 17 ni nyingi: kwa mlo wa kalori 2,000 ni gramu 85 za fruktosi, sawa na gramu 170 za sukari, zaidi ya makopo manne ya soda kwa siku. Kikombe kimoja cha chai hakifiki huko. Nakubali pia kwamba katika jaribio la Kimber Stanhope na Peter Havel huko Davis, California, mwaka 2009, waliokunywa vinywaji vya fruktosi na waliokunywa vya glukosi waliongezeka uzito karibu sawa kwa wiki kumi. Hapo kalori zilitawala mizani. Lakini mafuta yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo yaliongezeka kwa kundi la fruktosi, hasa kwa wanaume. Mizani haikuweza kuonyesha hilo.

Wala mwanamke asidhani amepewa kinga ya kudumu. Estrojeni husaidia kuyapeleka mafuta mapajani na nyonga. Ikipungua baada ya ukomo wa hedhi, mafuta hukusanyika zaidi tumboni. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati, bila kutofautisha jinsia. Ushauri huo ni mzuri, nami naufuata. Ila ni kikomo cha wote, haujibu kinachompata nani.

Naomba basi, kwa wanaosimamia tasnifu hapa chuoni: msipokee utafiti wa lishe usioonyesha jedwali la wanawake peke yake na la wanaume peke yake, na umri wa wanawake hao ukiwa umetajwa.