JOTO KWANZA, MAZIWA BAADAYE: Malezi ya Watoto wa Paka Waliopoteza Mama, Kyela na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Mada kwa semina ya wahudumu wa mifugo na wafugaji, Kyela

1.0 Utangulizi



Wilaya yetu inajulikana kwa mchele na kakao. Mazao yote mawili hulala ghalani au ndani ya nyumba kabla ya kufika sokoni, na penye gunia la mpunga panya hakosekani. Kwa hiyo paka wa Kyela ana kazi, na anaifanya bila mshahara. Pamoja na hayo, mwaka mzima tunakaa kwenye semina tukizungumzia ng'ombe, nguruwe na kuku, naye paka hapewi hata dakika tano.

Leo naomba nimzungumzie akiwa katika hali yake dhaifu kuliko zote: mtoto mchanga asiye na mama. Kisa chake mnakifahamu. Mama amekula panya aliyekufa kwa sumu, au amegongwa na bodaboda usiku, au maji ya masika yameingia nyuma ya nyumba alikozalia. Asubuhi mwenye nyumba anasikia vilio kwenye rundo la magunia. Anakuta watoto watatu au wanne, macho bado yamefumba. Anawaonea huruma, anachemsha maziwa, anachukua kijiko. Siku ya pili wote wamekufa, na majirani wanasema hawakuwa wa kupona.

Hoja yangu ni kwamba wengi wao walikuwa wa kupona. Kinachowamaliza mara nyingi ni baridi, halafu namna wanavyolishwa. Njaa huja nyuma ya hivyo viwili. Anayetaka kuwaokoa hana budi kufuata mpangilio, na mpangilio huo unaanzia kwenye joto.

2.0 Je, kweli wameachwa?

Kabla ya kumwokota mtoto wa paka, hakikisha hana mama. Paka anayenyonyesha huondoka kwenda kuwinda, na akihisi usalama umepungua huwahamisha watoto mmoja mmoja kwa kuwabeba shingoni kwa meno. Unayemkuta peke yake huenda ni yule ambaye zamu yake haijafika.

Watazame watoto wenyewe. Wakiwa safi, wamelala pamoja kimya na matumbo yamejaa, mama yupo. Wakiwa wachafu, wa baridi, wanalia mfululizo na ngozi imelegea, huenda hayupo. Ukiwa na shaka, nyunyiza jivu kuzunguka walipolala, ondoka, kisha rudi baada ya saa mbili au tatu uangalie nyayo. Ila mvua ikiwa inanyesha, maji yanapanda au watoto wamepoa, usingoje.

Ulizia pia kwa majirani kama kuna paka mwingine anayenyonyesha. Paka wengi hukubali mtoto wa kambo, hasa akipakwa harufu ya watoto wa nyumba hiyo kwa kitambaa walichokilalia. Hakuna maziwa ya kutengeneza yatakayoyafikia ya huyo mama wa kambo. Wafugaji wa ng'ombe mnajua ndama aliyekosa dang'a anavyosumbua. Kwa paka ni hivyo hivyo: kinga ya mama hupita kwenye maziwa ya mwanzo, na utumbo wa mtoto huifyonza katika siku ya kwanza tu ya maisha. Aliyeikosa hana budi kulelewa kwa usafi wa hali ya juu.

3.0 Joto

Hapa ndipo tunapokosea zaidi, na sababu yake ni hali ya hewa yetu. Tunaishi bondeni, kando ya ziwa, na jua letu si la mchezo. Nani atafikiri kwamba kuna mnyama anayekufa kwa baridi Kyela?

Mtoto wa paka katika wiki ya kwanza hawezi kutetemeka ili ajipashe joto. Anahitaji mahali penye nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi. Usiku wa nyuzi 25, ambao sisi tunaulalia dirisha wazi, kwake ni baridi. Jumlisha na sakafu ya saruji au udongo mbichi wa mwezi Aprili, uongeze manyoya yaliyolowa, utaelewa kwa nini anakauka usiku mmoja. Wiki ya pili na ya tatu nyuzi 27 hadi 29 zinatosha, na baada ya hapo anaanza kujimudu.

Vifaa si vya gharama. Chukua boksi, au chungu kipana cha Ikombe, ukiinue kutoka sakafuni na kukitandika kanga kuukuu. Jaza chupa ya plastiki maji ya moto yanayovumilika mkononi, izungushie kitambaa, iweke upande mmoja tu ili mtoto akizidiwa na joto aweze kujivuta kando. Badilisha maji yakianza kupoa. Chupa ya chai ikiwa na maji ya akiba karibu na kitanda, kazi ya usiku inakuwa nyepesi. Usitandike pumba za mpunga, kwa kuwa vumbi lake huingia puani. Usitandike maganda ya mbegu za kakao, kwa kuwa yana kemikali iitwayo theobromini, ambayo ni sumu kwa paka. Na usiweke jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Hewa yake huua paka na watu pia.

Sasa kanuni ambayo ningependa kila mshiriki aondoke nayo: mtoto aliyepoa halishwi. Utumbo wake umesimama. Maziwa yatakaa tumboni yachache, au yatapanda na kuingia kwenye mapafu. Ingiza ncha ya kidole safi kinywani mwake. Kama kinywa ni cha baridi, mweke kifuani mwako ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, na umpashe taratibu kwa saa moja hadi tatu. Usimtumbukize kwenye maji ya moto wala usimsogeze motoni. Anapoanza kupata joto na kujinyoosha, mpake fizi kwa tone la maji yenye glukosi. Akianza kutafuta chuchu kwa mdomo, yuko tayari kwa maziwa.

4.0 Maziwa

Maziwa ya paka yana protini takriban mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, na mafuta yake ni mengi zaidi. Kwa hiyo maziwa ya ng'ombe peke yake humjaza mtoto bila kumkuza, na mara nyingi humharisha. Kuyaongezea maji, kama wengi wanavyofanya wakidhani yatakuwa mepesi tumboni, ni kumpunguzia hata kile kidogo kilichokuwamo.

Maziwa maalumu ya watoto wa paka yanatengenezwa viwandani, na anayeyapata ayatumie. Kwa mtu aliyeko Matema au Ipinda saa tatu usiku, njia ya dharura ni hii: robo lita ya maziwa ya mbuzi au ya ng'ombe yasiyochanganywa maji, yaliyochemshwa hadi kutokota; yakiwa bado ya moto, koroga ndani yake kiini cha yai moja la kuku, bila ute mweupe, chuja kwa chujio la chai. Kuchemsha si jambo la hiari, maana maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu. Penye jokofu, mchanganyiko ukae saa 24 tu. Pasipo na jokofu, tengeneza kidogo kidogo na umwage kinachobaki. Maziwa ya kopo yenye sukari hayafai, wala maziwa ya chai.

Kipimo kinafuata uzito. Mtoto huzaliwa akiwa na gramu 90 hadi 110, na anatakiwa kuongeza gramu 10 hadi 15 kila siku. Kwa kila gramu 100 za uzito wake, mpe mililita 20 kwa siku nzima, na mlo mmoja usizidi mililita 4 kwa kila gramu 100. Ratiba ni kama ifuatavyo:

Wiki ya 1: kila baada ya saa 2 hadi 3, usiku na mchana.
Wiki ya 2: kila baada ya saa 3 hadi 4.
Wiki ya 3: kila baada ya saa 4 hadi 5.
Wiki ya 4: kila baada ya saa 5 hivi, pamoja na chakula laini.

Umri utaukisia kwa kutazama. Kitovu hudondoka siku ya tatu hadi ya tano. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Meno ya mbele huanza kuchomoza wiki ya tatu. Mizani ndogo ya jikoni ni muhimu kuliko dawa yoyote: mtoto asiyeongezeka uzito kwa siku mbili ni mgonjwa hata kama anachezacheza.

5.0 Mlo mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue mtoto wa siku tano mwenye gramu 150. Unavuta mililita 3 za maziwa kwenye bomba la sindano lililotolewa sindano. Unajaribu tone moja kwenye kifundo cha mkono. Liwe vuguvugu, nyuzi 37 au 38. Unamlaza kifudifudi juu ya kitambaa, tumbo chini, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama yake. Kumlaza chali kama mtoto wa binadamu ndiko kunakoua: maziwa huteleza kwenye njia ya hewa, hutokea puani, na baada ya siku moja au mbili unasikia mkoromo wa nimonia.

Unaingiza ncha pembeni mwa mdomo na kutoa tone, unangoja ameze, unatoa lingine. Mwendo ni wa mtoto, si wa mlishaji. Akipaliwa, acha, mwinamishe kichwa chini kidogo na umfute pua. Akiwa dhaifu hata kumeza hawezi, usilazimishe. Huyo ni wa daktari wa mifugo.

Akimaliza, kazi haijaisha. Mtoto wa paka chini ya wiki tatu hakojoi wala hapati choo mwenyewe. Mama humlamba ndipo atoe. Chukua pamba au kitambaa laini kilicholoweshwa maji ya vuguvugu, umpanguse taratibu sehemu za haja mpaka atoe. Mkojo uwe wa rangi ya manjano hafifu. Ukikolea, anahitaji maji zaidi. Wapo watoto waliolishwa vizuri wakafa kwa kibofu kujaa, kwa sababu hakuna aliyewaambia wenye nyumba jambo hili. Mwisho unamkausha, unamrudisha kwenye joto, unachemsha vyombo na kunawa mikono kwa sabuni.

6.0 Kumwachisha maziwa

Kuanzia wiki ya nne ziwa letu linatusaidia. Usipa waliokaushwa bila chumvi waoshwe mchanga, wachemshwe, watwangwe kwenye kinu, kisha wachanganywe na maziwa mpaka uwe uji mzito. Mpe kwenye kisahani, mara nne kwa siku. Samaki wapikwe daima, kwa kuwa baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto hukimaliza.

Mchele wa Kyela una sifa nchi nzima, lakini kwa paka wali mtupu ni kujaza tumbo. Mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha. Anaipata kwenye nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu macho na moyo huharibika. Akifika wiki ya nane anaweza kuhamia nyumba nyingine.

7.0 Dawa zinazoua

Viroboto wakiwa wengi hunyonya damu ya mtoto mpaka fizi zinakuwa nyeupe. Mchane kwa kitana chenye meno ya karibu, au mwoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha umkaushe mara moja. Usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe. Zile za jamii ya pairethroidi na amitrazi zinaua paka kwa kiasi kidogo tu. Vivyo hivyo parasetamoli: ini la paka haliwezi kuivunja, na kipande cha kidonge kinatosha kumuua. Dawa ya minyoo, ambayo huanza kutolewa kwenye wiki ya pili, apimiwe na mtaalamu kwa uzito.

8.0 Usalama wa mlezi

Kichaa cha mbwa kinampata paka pia. Mtoto aliyeng'atwa na mnyama asiyejulikana asilelewe nyumbani. Taarifa itolewe kwa afisa mifugo wa kata. Mtu aking'atwa au kukwaruzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Paka achanjwe akifikisha miezi mitatu.

9.0 Mapendekezo na hitimisho

Kwanza, kila ofisi ya mifugo ya kata iwe na mabomba ya sindano, mizani ndogo na maelekezo ya ukurasa mmoja kuhusu joto na ratiba ya maziwa. Pili, kampeni za chanjo zinazofanyika kuzunguka Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba, ziwatangaze paka kwa jina, kwa kuwa wenye paka wengi hudhani hawahusiki. Tatu, tufundishe kuhasi. Paka jike anaweza kubeba mimba akiwa na miezi mitano au sita tu. Tukiokoa watoto bila kudhibiti uzazi, mwakani tutakuwa na maboksi mengi zaidi mlangoni. Nne, wauza sumu ya panya wawaambie wateja wafukie mizoga.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, na kuwafunga watoto wa paka kwenye mfuko wa rambo na kuwatupa mtoni ni ukatili. Ndugu washiriki, mkiletewa boksi lenye vilio, msianze na kijiko. Anzeni na chupa ya maji ya moto.