Vigae vya Mahali pa Moto na Nafasi ya Kutanuka

Katika Limuru, Molo na Nyahururu baridi ya mwezi wa Julai huwafanya watu wawashe moto ndani ya nyumba, na fundi ajuaye kupamba mahali pa moto kwa vigae hakosi kazi. Lakini kazi hiyo ndiyo iwezayo kumwaibisha upesi. Siku ya malipo vigae vyote hukaa sawasawa. Moto ukishawashwa jioni tatu nne, ufa mwembamba huonekana kando ya chuma, kisha kigae kimoja kikigongwa hulia kama kitu kitupu. Mwenye nyumba husema saruji ilikuwa haba. Pengine sivyo, pengine saruji ilitiwa mahali isipotakiwa.

Kila kitu kikipata moto hutanuka, wala vyote havitanuki kwa kadiri moja. Chuma chenye urefu wa mita 1, joto lake likizidi kwa digrii 100 za sentigredi, hurefuka kwa milimita 1 na ziada kidogo. Kigae cha udongo hurefuka karibu nusu ya hiyo. Ni kadiri ndogo sana, lakini nguvu yake ni kubwa, na saruji iliyokauka haijui kupinda. Chuma kikikosa pa kwenda hukisukuma kigae, na kigae hushindwa.

Kwa hiyo fundi mwenye busara hujaza saruji katika viungo vya kigae na kigae tu. Kiungo kikizidi upana wa milimita 3, huchanganya saruji na mchanga laini ili isinywee na kupasuka. Pale vigae vinapokutana na fremu ya chuma, na pale ukuta unaposhuka sakafuni, huacha nafasi ya milimita 3 hadi 6, akaisafisha kwa ncha ya mwiko. Bonge dogo la saruji lililosahauliwa humo latosha kuharibu kazi. Nafasi hiyo huzibwa kwa silikoni ya kuhimili joto kali, inayonyumbuka kama mpira. Silikoni ya bafuni haifai. Wala kamba ya asbesto, iliyotumiwa na mafundi wa zamani, haifai kabisa: vumbi lake huleta maradhi ya mapafu, na anayeikuta katika nyumba kuukuu asiikwangue.

Ndani, miali inapogusa, pawe na matofali ya moto na udongo wake, si vigae. Ufa wa huko si wa kupakwa rangi na kusahauliwa, kwani ukifika kwenye dohani hupitisha joto hata kwenye mbao, na hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua watu usingizini.

Mwenye nyumba anayetetemeka kwa baridi hutaka moto siku ile ile. Fundi asikubali. Gundi ya vigae hungoja saa 24 kabla ya viungo kujazwa, na viungo navyo hungoja siku kadhaa. Moto wa kwanza huwa wa vijiti vichache tu.