Mchoro na Msumeno



Mimi ni mhasibu, si seremala. Nimeombwa kueleza ombi la vifaa vya useremala kwa vijana wa nyumbani, nami nitalieleza kwa hesabu.

Mbao kwetu si za kutafuta mbali. Shamba la Miti Kiwira liko kwetu. Kijana anayeanza anakosa mchoro wenye vipimo. Bila huo anakata kwa macho, na mbao iliyokatwa fupi hairefuki.

Chukueni stuli ndogo. Miguu 4 ya inchi 16 ni inchi 64. Vipande 8 vya kuunganisha miguu, kila kimoja inchi 10 pamoja na ndimi zake, ni inchi 80. Jumla 144, yaani mbao moja ya 2 kwa 2 ya futi 12, bila baki. Kwenye karatasi imetimia. Lakini msumeno nao unakula! Mikato 11 inaondoka na zaidi ya inchi nzima. Mchoro mzuri unalijua hilo mapema, unaandika mguu inchi 15 na nusu. Hiyo ni bajeti kama bajeti nyingine.

Michoro ya bure imejaa kwenye simu, ila mingi ni ya Marekani. Kule mbao inayoitwa 2 kwa 4 huwa imesharandwa, kipimo chake halisi ni inchi 1.5 kwa 3.5. Yetu hutoka kwenye msumeno ikiwa nene zaidi. Ukiufuata mchoro ule ulivyo, viungo havikutani. Tena haujui mvua ya Tukuyu: mbao mbichi ikiungwa leo, ikikauka inasinyaa, stuli inacheza. Ipangwe kwanza kivulini, na vijiti katikati ili hewa ipite.

Kwa hiyo tunachangia seti za vifaa (msumeno, randa, patasi, nyundo, skwea, tepu) pamoja na daftari la michoro michache kwa vipimo vya mbao zetu: stuli, rafu ya vyombo, mzinga wa nyuki. Litachorwa na mafundi wa kwetu, nao walipwe. Wapo watakaosema fedha zote ziende kwenye vifaa. Sikubaliani. Randa moja hushikwa na mtu mmoja. Mchoro unatolewa nakala. Atakayetaka kusonga zaidi, chuo cha VETA kipo Mbeya.

Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina. Anayetoa vifaa badala ya fedha aandike aina na idadi; risiti atapata vilevile.